Kengele ya Saa Nne Asubuhi

Kwenye karakana ya mabasi ya jiji hakuna aliyemwita kwa jina lake. Kuanzia meneja hadi mlinzi wa getini walimwita Sikio, kwa sababu alikuwa akitibu mabasi kwa kuyasikiliza. Basi likiletwa linakohoa, alichukua bisibisi ndefu, akagusisha ncha yake kwenye injini na kuweka mpini sikioni, halafu akafumba macho kama mtu anayepokea simu ya mbali. Akiyafumbua, alitaja ugonjwa: nozeli ya tatu, au beringi ya pampu ya maji, au mkanda umelegea. Kwa miaka ishirini na minane alikuwa amekosea mara mbili tu, na mara zote mbili alikuwa na mafua.

Kwa hiyo siku serikali ilipotangaza kwamba karakana yao imechaguliwa kujaribia mabasi mawili ya haidrojeni, wenzake walipiga makofi na yeye akaenda kukaa nyuma ya rundo la matairi. Alikuwa amekwisha kuuliza habari za mabasi hayo. Juu ya paa yana mitungi ya gesi, na nyuma yana sanduku linaloikutanisha gesi hiyo na hewa na kutoa umeme wa kuzungushia mota. Bomba la moshi halitoi moshi, linatoa mvuke na matone ya maji. Basi lenyewe halikohoi, halingurumi, halitetemeki. Lilipoletwa la kwanza, la pili likiwa bado njiani, aliligusisha bisibisi mbele ya watu wote, akasikia mvumo mdogo kama friji ya jirani. Akairudisha bisibisi mfukoni.

Alikuwa amebakiza miaka minne kustaafu. Alichomwomba Mungu ni kuimaliza na dizeli yake.

Kilichozidi kumkoroga ni kwamba mtaalamu aliyetumwa na chuo kikuu kusimamia usalama na kuwafundisha mafundi alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake mkubwa. Huyu ndiye binti ambaye Sikio mwenyewe alimfundisha kuendesha baiskeli kwa kushika nyuma ya kiti na kukimbia naye hadi pumzi zikamwisha. Sasa alikuwa na shahada ya udaktari, kofia ngumu nyeupe na funguo za nusu ya karakana, na mjomba mtu alikuwa ameketi kwenye benchi na daftari la kurasa themanini. Walikubaliana kwamba kazini atamwita Daktari, na yeye ataitwa Fundi kama wengine. Sikio alilitamka hilo "Daktari" kwa heshima nyingi mno, huku akiinama kidogo, mpaka darasa zima likawa linacheka, na siku ya pili mpwa wake akamvuta pembeni akamsihi apunguze.

Darasani hakuwa mkaidi kama alivyojionyesha. Siku moja binti alileta glasi ya maji yaliyotiwa magadi kidogo, akatumbukiza penseli mbili zilizochongwa pande zote mbili, akaziunga na betri kwa nyaya. Mapovu madogo yakaanza kupanda kwenye penseli, moja ikiwa na mengi kuliko nyingine. Akaeleza kwamba umeme ukipita kwenye maji, maji yanaachana, na hayo mapovu mengi ndiyo haidrojeni yenyewe. Chuo kikuu kilikuwa kikifanya hivyo hivyo kwa mitambo mikubwa inayotumia umeme wa jua, na serikali ndiyo iliyotoa kiwanja na kibali. Sikio aliichora glasi ile vizuri sana daftarini. Aliielewa pia, ila alipoulizwa alisema ataitafakari, maana fundi wa umri wake hawezi kukubali siku ya kwanza.

Kifaa kilichowapa mafundi gumzo zaidi kilikuwa kidude cheupe, ukubwa wa pakiti ya sukari, kilichofungwa juu kabisa kwenye kenchi za paa. Kazi yake ilikuwa kunusa haidrojeni. Daktari alieleza kwamba gesi hii ni nyepesi kuliko zote na ikivuja hukimbilia juu, ndiyo maana mlinzi wake akawekwa darini. Mafundi wakakiita Pua. Pua ikinusa gesi, kengele inalia, mafeni yanawaka, watu wote wanatoka, na basi haligusiki mpaka chanzo kijulikane. Kabati la mitambo ya Pua lilihitaji chumba kikavu chenye kufuli, na chumba cha namna hiyo kilikuwa kimoja tu, kile cha kuchajia betri kule nyuma ya uwanja. Betri zikahamishwa, kabati likaingia, kazi ikaanza.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, Pua ikalia.

Walitoka nje mbio, wengine na vikombe mkononi. Daktari na vijana wake wawili wa maabara waliingia na vipimo vya mkononi, wakazunguka basi lote, wakapaka maji ya sabuni kila kiungo cha bomba kuanzia kwenye mitungi hadi kwenye sanduku la umeme, wakangoja mapovu. Hakuna povu lililotoka. Kengele ikanyamaza yenyewe saa sita. Kesho yake, saa nne, ikalia tena. Keshokutwa yake kulikuwa na jua kali, milango mikubwa ilikuwa wazi yote, haikulia. Siku ya mvua milango ikafungwa, ikalia mpaka mlinzi wa getini akaziba masikio. Jumapili ilikaa kimya kama haipo.

Daktari alibadilisha viungo. Alibadilisha valvu. Akabadilisha Pua yenyewe, akaweka mpya iliyotoka kwenye boksi lake, na ile mpya nayo ilipofika saa nne ikalia kwa sauti ya kigeni kidogo. Mwishowe aliagiza basi lisukumwe nje hadi kwenye uzio, mitungi ikiwa mitupu kabisa. Karakana ikabaki na mabasi ya dizeli peke yake. Saa nne Pua ikalia.

Hapo meneja alishindwa kujizuia akapiga simu wizarani.

Mkaguzi wa wizara alifika Jumatatu. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye jalada la kijani kwapani na tabia ya kutazama kitu muda mrefu kabla ya kukizungumzia. Aliwaambia kwamba wizara ilikuwa imepigania mradi huu miaka mitatu, na wapo wakubwa waliokuwa wakingoja tu sababu ya kuubeza. Kengele inayolia kila siku bila chanzo, alisema, itawafanya watu waizime, na siku gesi ikivuja kweli hakutakuwa na wa kuwaonya. Akawapa hadi Ijumaa. Wakishindwa, mabasi yataenda mji mwingine ambao umekwisha kuandika barua mbili ukiyaomba. Alipokwisha kusema alimtazama Daktari, na Daktari akatazama viatu vyake.

Sikio aliyasikia hayo akiwa chini ya basi namba kumi na saba, akifunga boliti iliyokuwa imekwisha kufungwa. Moyo wake ulifanya jambo ambalo baadaye hakupenda kulikumbuka: ulichangamka. Mabasi yanaondoka, alijiambia. Siku ile alifanya kazi akipiga mluzi. Jioni alipita kwa dada yake, akamkuta mpwa wake amejiinamia mezani, michoro imetapakaa mpaka juu ya sahani, chakula hakijaguswa. Dada yake akamnong'oneza kwamba mtoto hajala chakula cha maana tangu wiki iliyopita. Mluzi ukamkatika.

Alhamisi, saa nne kasoro, alikwenda kunywa chai kwa rafiki yake. Huyu alikuwa mtu wa betri, mfupi, mwenye tumbo na maneno mengi, aliyejulikana kama Chaji. Tangu chumba chake kichukuliwe alikuwa amehamia stoo iliyo chini ya ngazi, kule kulikokuwa kukiwekwa ndoo na mafagio. Hapo alikuwa amepanga betri nane kubwa za mabasi kwenye benchi, chaja inaunguruma, na yeye ameketi mlangoni juu ya debe.

Chaji alikuwa akimweleza habari ndefu ya shemeji yake na mbuzi. Sikio hakuwa akisikiliza habari, alikuwa akisikiliza kitu kingine. Nyuma ya maneno ya Chaji kulikuwa na sauti ndogo, ya haraka haraka, kama maharage yanayochemka kwa moto mdogo. Akamuuliza ni nini hicho.

Chaji akajibu kwamba ni betri zimeiva. Huzichomeka saa moja asubuhi, na ikikaribia saa nne zinakuwa zimejaa, ndipo zinapoanza kuchemka. Akafunua kifuniko cha moja amwonyeshe. Ndani, kwenye maji ya tindikali, mapovu madogo yalikuwa yakipanda kwa wingi.

Sikio aliyatazama mapovu yale. Akaona glasi, penseli mbili, na mchoro wake mwenyewe daftarini. Umeme unapita kwenye maji, maji yanaachana. Akainua macho polepole kuufuata ukuta wa stoo, na akaona kile alichokiona kila siku kwa miaka ishirini na minane bila kukizingatia: ukuta ule haukufika juu. Uliishia chini ya paa, ukaacha uwazi wa mkono mzima, na ng'ambo ya uwazi huo zilikuwa kenchi za karakana.

Wakati huo huo Pua ikalia.

Walitoka nje na wengine. Sikio alisimama kwenye uwanja na kikombe chake, chai ikapoa bila kunywewa. Alijua. Katika watu arobaini waliokuwa wamesimama pale, yeye peke yake ndiye aliyejua, na kama angefunga mdomo hadi kesho jioni, mabasi yale yangekwenda zake na yeye angebaki na nozeli zake hadi siku ya kuagwa. Hakuna ambaye angemlaumu. Tena lilikuwapo jingine, zito zaidi. Aliyesema betri zihamie chini ya ngazi ni yeye. Meneja alipouliza zitakwenda wapi, Sikio ndiye aliyenyoosha kidole, na kila mtu akaona ni wazo zuri, kwa kuwa lilitoka kwake.

Aligeuka akamwona mpwa wake. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango wa basi lile kule uzioni, kofia nyeupe imelala chini, amevua viatu, anajikanda mguu. Alionekana kama mtoto yule wa baiskeli.

Sikio aliitupa chai, akaenda.

"Daktari," alisema, na safari hii hakuinama. "Gesi yako nimeiona."

Binti akainua uso. "Iko wapi, Mjomba?" Wala hakukumbuka kwamba wako kazini.

"Chini ya ngazi. Haitoki kwenye basi, inatoka kwenye betri za Chaji. Anachaji pale mpaka zinachemka, na ukuta ule haufiki juu."

Mpwa wake akasema taratibu, "Kwenye ramani yangu pale pameandikwa ndoo na mafagio."

"Ramani ilichorwa kabla hatujahamisha. Hakuna aliyekwambia. Na mimi ndiye niliyesema wahamie pale, kwa hiyo wa kukwambia nilikuwa mimi."

Alidhani atafokewa. Badala yake binti alivaa viatu bila kufunga kamba na kuondoka akikimbia, na yeye akamfuata nyuma kwa mwendo wa mtu mzima. Walimwamuru Chaji azime swichi kuu ya stoo kutoka nje, wakangoja mafeni yafanye kazi yake. Dakika ishirini baadaye Pua ikanyamaza. Mchana walirudia tena, safari hii kwa mpango: milango ya karakana imefungwa, watu wote nje, chaja imewashwa, na kipimo cha mkononi kimefungwa juu ya ule ukuta, waya wake umeshushwa hadi uwanjani. Daktari alishika kioo chake kidogo, mjomba akichungulia begani. Namba zilianza kupanda moja moja, kisha mbili mbili. Muda mfupi baadaye kengele ikalia, na kwa mara ya kwanza tangu iletwe, watu waliisikia wakacheka.

Chaji peke yake ndiye hakucheka. Aliuliza ina maana gani. Walipomweleza kwamba kila siku amekuwa akitengeneza haidrojeni, tena kwa miaka mingi kabla chuo kikuu hakijaanza, alizichungulia betri zake moja moja. Halafu akataka kujua kwa nini basi hakuitwa Daktari na yeye.

Ijumaa mkaguzi alirudi na jalada lake. Daktari alikuwa tayari kumsomea taarifa, lakini Sikio alimwomba amwachie aseme mwenyewe. Alikuwa amevaa ovaroli safi, amenyoa ndevu. Alimpeleka mkaguzi hadi chini ya ngazi, akamwonyesha benchi, akamwonyesha uwazi wa juu, akamchorea kwa chaki ukutani jinsi gesi inavyopanda, inavyovuka na inavyofika kwenye Pua. Hakuficha kwamba wazo la kuhamisha lilikuwa lake. Alisema kwa miaka yote aliyozifahamu betri, alijua zikichajiwa zinatoa harufu na kuchoma macho, lakini hakuwahi kujiuliza hicho kinachotoka ni kitu gani. Kile chumba cha zamani kilikuwa na madirisha pande mbili, kwa hiyo kilichotoka kilipeperuka, hakikumsumbua mtu.

Mkaguzi aliutazama ule mchoro wa chaki muda mrefu kama ilivyokuwa desturi yake. Kisha akauliza swali moja tu, kama kuna mtu anayevuta sigara maeneo yale.

Watu wote walimgeukia Chaji. Chaji alitazama debe lake pale mlangoni, akatazama vipande vya sigara vilivyolizunguka, akatazama betri nane. Alitoa pakiti mfukoni, akamkabidhi mlinzi wa getini, na tangu dakika ile hadi leo hajavuta tena.

"Nilikuja nikiwa na nia ya kuandika kwamba kifaa hiki ni cha uongo," mkaguzi alimwambia Daktari. "Sasa naona kimekuwa kikisema kweli kila siku, na sisi tulikuwa tunabishana nacho. Nitaandika kiwekwe kwenye kila karakana ya serikali yenye chumba cha betri, iwe na basi la haidrojeni au isiwe nalo."

Akafungua jalada lile la kijani, akakalia ngazi ya pili kutoka chini, akaandika palepale gotini. Kibali cha kuanza safari kilitiwa sahihi saa tano na robo. Kabla hajaondoka alimuuliza meneja kama anaweza kuazimwa fundi yule mwenye chaki kwa wiki mbili, azunguke karakana nyingine kuwaonyesha wenzake vyumba vyao vya betri. Meneja akasema aulizwe mwenyewe. Sikio alijibu kwamba atakwenda, ila kwanza amalize masomo yake, kwani walikuwa hawajafika sura ya pampu za hewa na hakutaka kupitwa.

Mpwa wake alisikia neno "masomo yake" akageuza uso upande wa ukuta ili asionekane anatabasamu.

Betri zilijengewa banda lake wiki iliyofuata, nje kabisa, lenye paa lililoinuliwa juu ya kuta ili upepo upite. Chaji alilipokea kama nyumba ya ghorofa. Aliomba maabara wamwandikie kibao cha tahadhari, wakamwandikia, naye akawa anawazuia hata waliokuja kumsalimia, akiwataka wasome kwanza.

Jumamosi ya pili baada ya hapo basi la kwanza lilianza kubeba abiria. Afisa mmoja wa wizara alikata utepe, mtu wa chuo kikuu akasema maneno machache ambayo kwa bahati yalikuwa machache kweli, na watu wakapanda. Dada mkubwa alikuja na nguo zake za kutokea, akashika kiti cha mbele pamoja na shoga yake. Waliongea habari zao kwa muda, kisha akamwita kaka yake kwa kumpungia mkono, akamuuliza kwa upole mbona dereva haondoki, watu wanachelewa. Sikio alimwonyesha dirisha. Walikuwa wamekwisha kupita vituo vitatu.

Yeye na mpwa wake walikuwa wameketi kiti cha nyuma kabisa, yeye dirishani. Binti alikuwa akimweleza jambo fulani kuhusu joto la sanduku la umeme, na katikati ya sentensi akanyamaza. Sikio alingoja amalizie. Alipoona kimya kimezidi akageuka, akamkuta amelala fofofo, kichwa kimemwangukia begani, mdomo wazi kidogo.

Walipofika mwisho wa njia abiria wote walishuka. Dada mkubwa alimtazama mwanawe, akashuka kwa kunyata, akamwashiria shoga yake naye anyate. Dereva alikuja hadi nyuma akitaka kuwaambia kwamba ndio mwisho.

"Mwache," Sikio alimwambia kwa sauti ya chini. "Utuzungushe tena."

Dereva akarudi kwenye usukani, abiria wapya wakapanda, na basi likaondoka. Lilimaliza njia nzima, likageuza, likairudia. Bega la Sikio lilikufa ganzi kabla ya kituo cha tano, lakini hakulisogeza.